Wakuu nimemtegemea Mungu miezi nane, mbona kamba inazidi kukaza?

Mtu wa Mbagala: Habari za jioni wakuu. Nina mke na watoto wawili, nilikuwa stookipa, kazi ikaota mbawa mwezi wa nne na tangu hapo ni kufunga na kuomba, mkesha sikosi, vibarua vya kuokoteza na wife anachoma vitumbua ndo tunasogea. Sasa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo na bro ananiita Singida tukalime alizeti. Niendelee kumngoja Bwana hapahapa Dar, au kurudi nyumbani ni kukosa imani?

Fundi Tairi: Nenda mkuu, alizeti inapandwa Desemba hadi Januari, hujachelewa.

Mama Abi: Mdogo wangu usikate tamaa. Mimi 2020 korona ilifunga hoteli niliyokuwa nafanya, nikakaanga mihogo getini huku na mume hatusemeshani, hiyo ya mume ni ndefu ntaileta siku nyingine, ila kwaya sikuacha hata mazoezi ya siku moja. Ayubu alikaa majivuni.

Kiroboto: Hela ya kodi unayo au huna?

Mtu wa Mbagala: Ipo laki sita ila ina kazi yake.

Kiroboto: Kazi gani inayoizidi nyumba?

Mtu wa Mbagala: Haya niseme tu. Mtumishi alitangaza sadaka ya kujimaliza, nikaahidi madhabahuni mbele za watu. Nadhiri sio mchezo wakuu. Mjane wa Sarepta alibaki na unga konzi moja, akamwokea Eliya kwanza na unga haukuisha. Mnanipinga mimi au Biblia?

Mzee Kobazi: Unga ule ulikuwa wake. Laki sita ni yako?

Mtu wa Mbagala: Ya kikoba. Wife ndo mhazini. Naazima tu, Bwana akifungua narudisha kabla hawajajua.

Kiroboto: 🤣🤣 unamtolea Mungu hela za kina mama

Shangazi wa Mjini: Chai hii. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, we umefunguaje? Halafu Agosti ulileta uzi unatafuta mchumba, leo una watoto wawili?

Mama Abi: Jamani, na mimi nilishaanza kumwombea.

Mtu wa Mbagala: Ule uzi alipost shemeji kwa simu yangu. Na sisi sanduku tulishaacha, hela zinakaa kwenye laini ya wife, namba ya siri naijua.

Shangazi wa Mjini: Shemeji tena. Ongeza sukari.

Mzee Kobazi: Iwe chai isiwe chai, kuna wanaosoma kimya. Daudi alipewa bure uwanja wa Arauna na ng'ombe wa sadaka juu, akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwamba hawezi kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. 2 Samweli 24. Hiyo yako inamgharimu mkeo na wenzake. Irudishe leo, mwambie mkeo, kamwambie na huyo mtumishi kwamba uliahidi cha watu.

Mtu wa Mbagala: Asante mzee. Shida laki tatu nilishatoa Jumapili.

Kiroboto: Duh. Kikoba kinavunjwa lini?

Mtu wa Mbagala: Tarehe 20.

Fundi Tairi: Mbegu bro wako anayo au mnanunua?