Spana imeteleza, nati imekula kona, sasa ukuta wa jikoni nao unatoa maji. Nisaidieni wadau

Mkaazi_FreeArea

Wadau habari zenu, niko Nakuru, Free Area. Hapa chini ya sinki ya jikoni kuna ile paipu ya fleksibo inayotoka kwa engo valvu ya ukutani (kile kivalvu kidogo cha kufunga maji) ikienda kwa mfereji. Wiki jana ikaanza kudondosha maji kwa ile nati ya chini, tone moja moja, nikaweka sufuria. Nikaona hii si kazi ya kuita fundi, ni kukaza tu, nikachukua plaizi ya kawaida, hii ya kukata waya, nikabana nati na nikavuta. Ikateleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili, na nilipomulika na tochi ya simu nikaona kona za nati zimeanza kulika.

Jirani akaniazima spana ya kuajasti inchi kumi. Nikaiseti, nikavuta, hiyo nayo ikaruka, nikagonga kidole kwa tailsi mpaka damu. Nikakasirika nikakaza na nguvu zote, na kweli nati ikazunguka, lakini sasa ndio shida: engo valvu yenyewe ilizunguka pamoja nayo ndani ya ukuta, na kutoka siku hiyo maji yanatoka pale valvu inapoingia kwa tailsi. Nilikuwa na shida moja, sasa ziko mbili.

Maswali yangu: hii spana inashikwaje ndio isiteleze? Plaizi ni ya nini kama si ya nati? Na hii ya ukuta naweza kuirudisha mwenyewe ama itabidi tailsi zivunjwe? Ni nyumba nimejenga mwenyewe na hizo tailsi sina za akiba, kwa hivyo naomba mnijibu mkijua naumia.

Fundi_wa_Kibuye

Pole sana ndugu. Mimi ni fundi wa maji Kisumu, na hii story ya valvu kuzunguka kwa ukuta naikuta karibu kila mwezi. Kabla ya kitu chochote, nenda funga geti valvu ya kutoka kwa tanki ama ile ya mita, alafu fungua mfereji maji yaishe kwa laini. Usishike ukuta kama kuna presha.

Sasa spana. Ichukue uiangalie vizuri. Iko na taya mbili, moja imesimama, hiyo ni kipande kimoja na mpini, na nyingine inatembea ukizungusha kile kigurudumu kwa kidole gumba. Hiyo inayotembea ndio dhaifu juu imeshikiliwa na vimeno vidogo tu. Kwa hivyo unataka nguvu kubwa ibebwe na ile iliyosimama. Namna ya kukumbuka ni hii: mpini uende upande ule taya inayotembea iko. Tuseme nati inakuangalia na mpini umeelekea chini. Ukikaza, mpini utatoka chini uende kushoto, basi taya inayotembea iwe kushoto. Ukitaka kulegeza, mpini unaenda kulia, toa spana uigeuze uso wa pili, mpini ukibaki chini, ndio taya hiyo ije kulia. Watu wengi hawaigeuzi, wanakaza na kulegeza na upande mmoja, na hapo ndio inaruka.

Kitu cha pili, nati iingie mpaka ndani kabisa ya mdomo, isishikwe na ncha. Kisha kaza kigurudumu huku unatikisa spana kidogo kidogo, utasikia kale kamchezo kanaisha, ikiacha kucheza hapo ndio imeshika. Na kila ukitoa spana na kuirudisha, kaza tena, juu kigurudumu hujilegeza chenyewe ukiendelea na kazi. Vuta kuja kwako, usisukume. Ikiteleza wakati unasukuma ni vidole vinaenda kwa ukuta, vile umeona.

Lakini kosa lako kubwa halikuwa vile ulishika spana, ni kwamba ulikuwa na spana moja tu. Kazi ya paipu ni ya mikono miwili: moja inashika kile hutaki kizunguke, nyingine inazungusha. Ungeshika mwili wa engo valvu na spana nyingine, ama plaizi ya wotapamp (ile ya mpini mrefu inayoongezwa upana wa mdomo) yenye kitambaa ndani ndio isikwaruze kromu, valvu isingesonga hata kidogo.

Ya ukuta inategemea paipu yako ndani ni gani. Ni PPR, zile za plastiki zinazounganishwa kwa kuchomwa, ama ya chuma?

Mkaazi_FreeArea

Ni PPR, zile za kijani. Nilikuwepo zikichomwa. Asante sana fundi, hii ya kugeuza spana sijawahi kuambiwa na mtu.

Fundi_wa_Kibuye

Sawa, basi sikiliza vizuri. Mwisho wa PPR kuna elbo (kona) ya plastiki iko na shaba ndani yenye thredi, na engo valvu imeingia hapo. Ukilazimisha sana, ile shaba inaweza kuzunguka ndani ya plastiki ama elbo ipasuke, na hapo ni kweli tailsi zitavunjwa. Lakini kwa vile umeelezea, mimi naona ni tepu tu, ile nyeupe ya kuzungusha kwa thredi, imeharibika juu valvu ilisonga. Itoe polepole kinyume cha saa. Ukisikia inatoka laini, thredi moja moja, uko salama.

Toa tepu yote ya zamani kwa thredi, tumia brashi ya meno iliyozeeka, futa kabisa. Funga tepu mpya ukielekea upande wa saa ukiwa unaangalia mwisho wa thredi, ndio valvu ikiingia tepu izidi kujikaza badala ya kujifungua. Hizi tepu zetu nyembamba za hadwea, mimi huzungusha kumi na kuendelea, nikiivuta kidogo ishike kwenye mifereji ya thredi. Ingiza na mkono mpaka ikatae, kisha maliza na spana mpaka mdomo wa valvu uangalie juu. Na hapa usikosee: ikipita ile nafasi, USIRUDISHE NYUMA. Ukirudisha hata robo itavuja. Itoe yote, futa, funga tepu tena, anza upya. Kazi ya dakika tano inakuokoa tailsi.

Hiyo nati iliyokula kona usiihangaikie, ondoa fleksibo yote ununue mpya. Ya kuifungua ndio mahali plaizi ya wotapamp ina ruhusa, juu hiyo nati tayari inaenda taka. Lakini shika valvu na spana kwa mkono mwingine!

MamaWawili_Kakamega

Naongezea hapo kwa fleksibo, dada yenu nimejifunza kwa machozi. Ile nati ya fleksibo iko na washa ya raba ndani, na kazi ya kuzuia maji ni ya washa, si ya nguvu zako. Usifunge tepu hapo. Kaza na vidole mpaka ifike, kisha robo zungusho na spana, fungua maji uangalie. Ikitoa tone ongeza kidogo tena. Ukikaza sana raba inakatika na unaanza kuvuja upya, halafu unafikiri haijakazwa unaongeza, inazidi kuharibika. Hata hiyo yako naamini ilikuwa ni washa imechoka tu.

Mimi yangu ilikuwa tanki la choo. Ile nati kubwa ya plastiki chini ya tanki, nilikaza na paiprenchi (ile spana kubwa ya meno) ya mzee wangu kama nafunga lori. Ilikaa vizuri siku mbili, usiku wa tatu ikapasuka, tukaamka maji yamefika koridoni na mtoto mdogo ndio ametuamsha akisema kunanyesha ndani. Nati za plastiki zote, za tanki na zile za trapu (paipu iliyopinda ya maji machafu) chini ya sinki, ni za mkono. Plaizi ya wotapamp unaifungua ikae sawa na nati, unagusa tu kidogo mwishoni. Ukisikia plastiki inalia, ushapita.

Lanet_Boy

Mimi kitu hunisaidia nati ikikataa ni kuingiza kipande cha paipu ya chuma kwa mpini wa spana, inakuwa mrefu, hata nati ya miaka ishirini inatoka. Na paiprenchi naitumia kwa kila kitu, haitelezi kama hizi spana.

Fundi_wa_Kibuye

@Lanet_Boy hapana ndugu yangu, kwa nyumba ya mtu usifanye hivyo. Urefu wa mpini umepimwa kulingana na nguvu ya taya. Ukiongeza paipu, kitu kitavunjika, na mara nyingi si nati, ni vimeno vya kigurudumu ama ni elbo kule ndani ya ukuta mahali huoni. Nati ikikataa, chukua spana kubwa zaidi. Kama kuna kutu weka mafuta ya kulegeza uache saa moja. Kama ni ule ukoko mweupe wa maji, kitambaa chenye siki kizungushwe hapo usiku mzima, asubuhi inakuwa tofauti kabisa.

Na paiprenchi ina meno. Imetengenezewa paipu ya chuma, kitu cha duara ambacho hakina kona ya kushika. Ukiiweka kwa nati ya shaba ama mfereji wa kromu unaacha alama za meno milele, na ikibana inabana zaidi kadiri unavyovuta, kwa hivyo vitu laini inavifinya. Kwa chuma chenyewe itumie, mdomo utangulie kule unakozungusha, na uache nafasi kidogo nyuma ya paipu, isiguse mgongo wa ndoano, yaani ile taya ya juu, la sivyo haiumi.

Mzee_wa_Bungoma

Vijana mmeongea vizuri. Nimefanya mabomba tangu paipu zote zikiwa za chuma na tukifunga thredi na katani na rangi. Hiyo paiprenchi sisi tuliiita Stilson, ni jina la Mmarekani Daniel Stillson aliyepewa hataza yake mwaka 1869. Na hiyo spana ya kuajasti ya mtindo wa leo ni ya Mswidi, Johan Petter Johansson, yeye alipewa yake 1892.

Kijana wa Free Area, nakuomba kitu kimoja. Ukienda kununua spana, usinunue ile inayocheza. Ifungue nusu, shika taya inayotembea na vidole viwili, itingishe. Kama inapiga kelele na kuyumba hapo dukani, nyumbani itakula nati zako. Afadhali ununue ya inchi nane na ya inchi kumi nzuri, mbili hizo zitakufaa miaka mingi, kuliko seti nzima ya kwenye sanduku la plastiki. Na pima kuwa ile ya inchi kumi inafungua milimita 30 hivi, ndio iweze kushika mwili wa valvu.

Mkaazi_FreeArea

Wadau narudi na majibu. Leo Jumamosi nimeifanya. Nilinunua spana moja ya inchi nane pale mjini, niliitingisha vile mzee alisema na nikakataa mbili za kwanza, mwenye duka aliniangalia sana. Ile ya jirani ikawa ya kushika valvu.

Valvu ilitoka laini, fundi asante, nilikuwa natetemeka. Mara ya kwanza kuirudisha ilipita nafasi yake, mdomo ukaangalia kando, na mkono ulitaka kabisa kurudisha nyuma kidogo tu. Nikaitoa, nikafuta, nikafunga tepu tena mizunguko kumi na mbili. Mara ya pili ilikataa ikiwa imeangalia juu sawasawa. Fleksibo mpya nikakaza na vidole na robo, nikaona hii haitoshi lakini nikaacha hivyo.

Nilifungua maji saa nane mchana. Nimezungusha tishu pale kwa ukuta na kwa nati zote mbili. Sasa ni saa tatu usiku, na zote bado ni kavu. Fundi, niache tishu mpaka lini?

Fundi_wa_Kibuye

Iache mpaka kesho jioni, juu usiku watu hawatumii maji na presha hupanda. Ikilowa kidogo kwa nati, ongeza kidogo sana, na ushike valvu. Ikiwa kavu, toa tishu na umrudishie jirani spana yake.