Baridi hii ya Njombe, joto la dunia liko wapi?

Mkulima wa Njombe: Ndugu zangu, naleta hoja hii nikiwa na uchungu. Alfajiri ya juzi nilikuta umande umeganda juu ya majani ya viazi, na jua lilipochomoza majani yale yakawa meusi na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Shamba la bondeni limekwenda lote, la mlimani limepona. Jioni nafungua redio, namsikia mtaalamu akisema dunia inazidi kuwa na joto. Joto hilo linakaa wapi, na kwa nini halifiki huku kwetu?

Mwalimu wa Jiografia: Pole sana kwa shamba, Mzee. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda za juu ni msimu wake: anga huwa kavu na haina mawingu, ardhi hupoteza joto usiku kucha, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni, ndiyo maana shamba la juu likapona. Hiyo ni hali ya hewa. Tabianchi ni wastani wa muda mrefu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Mwaka 2024 wastani wa joto la dunia ulipita ule wa 1850–1900 kwa zaidi ya nyuzi 1.5, ingawa mwaka huohuo kuna watu waliotetemeka kwa baridi. Asubuhi moja haikanushi miaka 30, na anayedhani inaweza hajamaliza kidato cha pili.

Mkulima wa Njombe: Ahsante kwa pole, lakini kidato cha pili kimeingiaje kwenye viazi vyangu? Mimi niliishia darasa la saba, na hao wenye vyeti ndio wanaokuja kunifungia lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Mwalimu atueleze basi ni kwa nini tuliambiwa barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kufikia 2020, kama sikosei, na hadi leo watalii wanapiga nayo picha.

Binti wa Machame: Baba, barafu ipo, lakini msitusemee sisi tunaoitazama kila kunapokucha. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la takribani kilomita za mraba 12. Kufikia 2000 zilibaki kama mbili na nusu. Utabiri uliochapishwa 2002 ulitaja kati ya 2015 na 2020, na ulikosea tarehe, haukukosea mwelekeo.

Mtabiri Mstaafu: Naomba tuwe waangalifu na mfano huo. Kule kileleni sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja katika hewa kavu, na ukavu huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19. Kibo, kilele hicho chenye barafu, si kipimajoto kizuri, na anayekitumia peke yake anawapa wapinzani silaha.

Mpemba Halisi: Umenena, mzee wangu. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu na kuharibu vyombo bandarini. Lindi nayo ikapigwa mwaka 1952. Magari na viwanda vyetu vilikuwa wapi? Leo kimekuja kimbunga Hidaya, Mei 2024, kila mtu anataja tabianchi. Pemba ilisalimika mwaka ule wa 1872, na ndiyo sababu karafuu bora ni yetu mpaka leo.

Kijana wa Mji Mkongwe: Karafuu nyingi, sheikh, si karafuu bora. Pemba ilipata soko kwa kuwa mikarafuu yetu ilikuwa imelala chini, na kujisifia msiba wa jirani ni jambo la aibu.

Mpemba Halisi: Hebu tupeleke gunia lako na langu sokoni tuone litakalonunuliwa kwanza.

Mama wa Hanang: Mnabishania karafuu? Desemba 2023 tope liliteremka mlimani hapa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Hiyo ndiyo tabianchi, na asiyeamini aje ayaone makaburi.

Mkulima wa Njombe: Pole sana, dada yangu, na Mungu awarehemu. Lakini Mwalimu ajibu: kama asubuhi yangu moja si ushahidi, siku moja ya Katesh inakuwaje ushahidi?

Mwalimu wa Jiografia: Lumbesa sijawahi kufunga maishani mwangu, Mzee, na ninaomba kauli hiyo ifutwe.

Mtabiri Mstaafu: Swali ni zuri kuliko jibu lililotolewa. Katesh peke yake haithibitishi kitu, sawa na baridi ya Njombe. Vuli ya 2023 ilikuwa na El Niño, yaani joto la Bahari ya Pasifiki, pamoja na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, na mambo hayo mawili yalikuwapo hata enzi za babu zetu. Lakini hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia saba, hivyo mvua ileile ikija huja na maji mengi zaidi. Hata tufani ya 1872, ikirudi leo, itaikuta bahari yenye joto zaidi na maji yaliyopanda.

Kijana wa Mji Mkongwe: Ninyi watabiri ndio mliotutisha na kimbunga Jobo mwaka 2021, kikadhoofika kabla hakijafika Dar es Salaam. Ya wiki ijayo hamyawezi, mtayaweza ya 2050?

Mtabiri Mstaafu: Siwezi kukuambia kama tarehe 12 Februari mwakani mvua itanyesha Dodoma, lakini nakuhakikishia kwamba Julai itakuwa kavu kuliko Januari. Wewe mwenyewe unalijua hilo bila kupiga hesabu yoyote.

Mkulima wa Njombe: Mstaafu anazungumza na watu kwa heshima, tofauti na wengine. Nami ninamwuliza huyo mwenye vidato: hawa mbu waliotuingilia siku hizi, ambao marehemu baba hakuwajua na hakuwa na haja ya chandarua, nao wamesoma mpaka kidato cha ngapi?

Mwalimu wa Jiografia: Mzee, mbu hao ungewataja tangu mwanzo tusingefika kwenye karafuu.

Mpemba Halisi: Suala la karafuu halijaisha.