Prosesa ya bei ya mashine ya boti, viini vimefungwa ndani! Tuambiwe ukweli

Wanajukwaa, asalaam aleikum. Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira tangu alfajiri, na asije mtu kuniambia nitulie.

Mimi ni mpiga video za harusi hapa Langoni, Lamu. Mwaka jana niliuza kamera yangu ya pili, nikaongeza mkopo wa chama, nikanunua kompyuta Mombasa yenye prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya viini kumi na viwili, yaani sehemu kumi na mbili zinazopiga kazi kwa wakati mmoja. Mwenye duka akagonga meza: "Kijana wangu, hii ndiyo baba lao, juu yake hakuna." Ikaja kwa basi hadi Mokowe, nikavuka nayo kwa boti nimeipakata, nimeifunika nailoni maji ya chumvi yasiirukie, kutoka gatini ikapanda punda. Pesa niliyotoa, mwenzangu alinunulia mashine ya boti na sasa inamlisha.

Jana usiku nilikuwa natoa video ya harusi ya Shela, kamera tatu, kesha zima. Vile visanduku kumi na viwili vya kuonyesha kazi ya viini kwenye skrini vimejaa vyote mpaka juu, feni inalia, dirisha liko wazi na chumba bado kinafukuta. Saa nane usiku kazi iko asilimia 61. Alfajiri mama wa bi harusi akapiga: "Mwanangu, wageni wanaondoka na basi la asubuhi, video iko wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule wa kungoja ndio nilioutumia kusoma, na niliyoyasoma ndiyo yamenileta hapa.

Kumbe kipande cha silikoni kilichomo ndani ya prosesa za daraja hili mara nyingi kina viini zaidi ya vile unavyouziwa. Vingine vimezimwa kiwandani kabla hujaiona.

Mtasema ni uvumi. Haya, Novemba 2011 Intel, watengenezaji wa prosesa, walitoa Core i7-3960X, prosesa yao ya kilele kwa kompyuta za mezani, karibu dola 1,000. Viini sita. Watu wakaitazama picha ya silikoni yake wakahesabu vinane! Kumbukumbu ya ndani ya prosesa megabaiti 20, inayofanya kazi 15. Machi 2012 zikatoka Xeon E5, prosesa za Intel za kompyuta kubwa za kampuni (seva), za silikoni hiyohiyo, na humo zimo zenye viini vyote vinane. Aliyetoa dola elfu kwa ajili ya meza yake akabaki na sita. Hapo ndipo makisio yakaanza: huyu anasema ni joto, yule anasema vilikuwa vibovu, mwingine anasema wanailinda biashara ya Xeon.

Hoja ya ubovu naielewa, msinifundishe. Silikoni inachongwa kwenye sahani moja kubwa, doa dogo likiangukia kiini kimoja, kimekufa. Kipande kikiwa kikubwa ndivyo kinavyozidi kupatwa na madoa. Kuzima kimoja na kuuza vilivyobaki ni bora kuliko kutupa kipande kizima. Hilo halinikeri hata kidogo. Sony walipotangaza PlayStation 3 mwaka 2005 walisema wazi: Cell, prosesa yake, ina viini vidogo vinane, kimoja hakitumiki, ili vipande vingi zaidi vipone kiwandani. Walisema, na watu wakanunua kwa mamilioni.

Kinachonichoma ni kiini kizima kutiwa kufuli. Mwaka 2009 AMD, washindani wa Intel, walikuwa na prosesa Phenom II X2 550, inauzwa ya viini viwili, silikoni ina vinne. Mwenye bodi kuu ya kompyuta inayokubali aliingia kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya kompyuta), akageuza kitu kimoja, vinne vikaamka. Kwa wengine kompyuta iliganda, maana vyao vilikuwa vibovu kweli. Kwa wengine vilifanya kazi bila shida! Sasa hivyo vilifungiwa nini? Na 2010 Intel walijaribu kuuza prosesa ya Pentium G6951 na kadi ya dola 50. Unaingiza namba, kumbukumbu ya ndani iliyozuiwa inafunguka na kila kiini kinabeba kazi mbili. Kadi, wallahi, kama ya kuongeza salio la simu! Silikoni ilikuwa nzima muda wote. Mpango ule ulikufa 2011, lakini ulishaonyesha kinachowezekana.

Na hizi Threadripper, prosesa za AMD za 2017, mtu alifunua kifuniko akakuta vipande vinne vya silikoni. AMD wakaeleza kwamba viwili ni vya kujazia tu, kushikilia kifuniko. Sawa, huenda ni kweli tupu. Ila maelezo yalikuja baada ya kifuniko kufunuliwa.

Nendeni Matondoni mkanunue dau. Fundi atakushika mkono akuonyeshe: ubao huu ulipasuka, nimeutia kalafati hapa, ukiingia bahari kubwa uutazame. Anakwambia kabla hujatoa shilingi. Mimi nimetoa akiba yangu yote nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilimpigia mwenye duka leo saa mbili asubuhi. Nikamuuliza silikoni ya prosesa yangu ina viini vingapi kwa jumla. "We, si inawaka? Unataka nini tena?" Nikaandikia waliotengeneza, nikajibiwa kwamba idadi iliyotangazwa ndiyo idadi. Swali langu halikuwa hilo!

Nataka iandikwe kwenye sanduku: silikoni ina viini vingapi, vimezimwa vingapi, na kama ni kwa ubovu au ni kwa bei. Nikisoma kwamba vinne vilikufa kiwandani nitanunua na nitanyamaza. Nikisoma kwamba ni vizima na vimefungwa ili nipande daraja la juu, nitaamua pesa yangu niipeleke wapi.

Mwenye picha za silikoni za prosesa za viini kumi na viwili aziweke hapa, tuhesabu pamoja. Yangu ninapoandika iko asilimia 88, na mama wa bi harusi ameshapiga mara ya tatu.