Naomba ushauri: zeolaiti H-ZSM-5 inanipa asidi nyingi kuliko alumini iliyomo. Kilele cha 0 ppm nikiite Lewis?

Chembechembe (mleta uzi)
Habari wakuu. Nina H-ZSM-5 (fuwele ya silikoni, alumini na oksijeni yenye vijia vidogo) niliyoitengeneza mwenyewe, uwiano wa silikoni kwa alumini ni 15. Kwa hesabu ya karatasi, kila alumini ikibeba protoni moja napata milimoli 1.04 kwa gramu. Nimeishibisha amonia kisha nikaipandisha joto taratibu, jumla imetoka 1.31! Vilele vya amonia inayotoka ni viwili, kimoja karibu nyuzi 200, kingine karibu 400. NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha majirani wa atomu) ya alumini-27 ina kilele kikubwa 54 ppm na kidogo 0 ppm.

Msimamizi wangu anataka niandike kwamba kile cha nyuzi 200 ni asidi ya Lewis (inayopokea jozi ya elektroni badala ya kutoa protoni), na 0 ppm ndiyo ushahidi. Mimi nasita. Asidi inazidije alumini yenyewe? Nawasilisha.

MzeeWaTanuri
Mkuu, kilele cha chini usikipe cheo. Amonia nyingi inayotoka pale imejishikiza kwa nguvu hafifu ya haidrojeni juu ya amonia nyingine iliyokwisha kuwa amoniamu. Mmoja ana kiti, mwenzake kapakatwa. Ukihesabu vichwa lazima uzidi viti. Ndiyo maana kilele hicho hupungua ukirefusha muda wa kupitisha gesi kavu kabla ya kupandisha joto. Kile cha juu peke yake kimetoa ngapi?

Chembechembe
0.78.

MzeeWaTanuri
Sasa tunaongea. Kuna alumini isiyo na protoni ya kutumika: ama imetoka nje ya kiunzi (mfumo wa fuwele yenyewe), ama bado ina sodiamu. Pima sodiamu iliyobaki kabla hujalaumu kingine. Na hiyo nyuzi 400 usiisome kama kipimo cha nguvu ya asidi. Amonia ikitoka hunaswa tena njiani, kwa hiyo ukibadilisha uzito wa sampuli au kasi ya gesi, kilele kinahama.

BintiSilika
Niongezee upande wa NMR, maana hapo msimamizi wako anaenda haraka mno. 54 ppm ni alumini iliyozungukwa na oksijeni nne, imekaa ndani ya kiunzi. 0 ppm imezungukwa na sita. Sasa Lewis ni nini? Ni atomu yenye nafasi wazi ya kupokea jozi ya elektroni. Yenye oksijeni sita imeshiba, itapokea wapi?

Bila shaka uliipima sampuli ikiwa na unyevu. Maji ndiyo yaliyojaza nafasi. Alumini hiyohiyo ukiikausha kwa nyuzi 400 chini ya vakyumu inaweza kupoteza majirani na ikawa Lewis kweli. Kwa hiyo NMR yako na infraredi, ambayo hupimwa sampuli ikiwa kavu, zitasema habari za sampuli mbili, ingawa chupa ni moja. Na usidhani kupima NMR ikiwa kavu kutakuokoa: alumini iliyopinda mpangilio hutanua ishara yake mpaka inapotelea kwenye msingi wa grafu.

Jambo jingine, si kila 0 ppm imetoka nje ya kiunzi. Kwenye zeolaiti Beta na Y, sehemu yake hurudi kuwa ya oksijeni nne ukiingiza amonia, maana yake ilikuwa bado imeshikiliwa na kiunzi. Ishibishe amonia, kisha pima tena uone.

Kiunzi96
Mbona hakuna aliyeuliza iliunguzwaje?

Chembechembe
Nyuzi 550, bakuli la kauri lenye kifuniko, unga umejaa, tanuri halipitishi hewa. Ndivyo tunavyofanya maabara nzima.

Kiunzi96
Basi maabara nzima mnapika kwa mvuke. Kiolezo (molekuli ya kikaboni inayoongoza fuwele kujengeka) kikiungua hutoa maji, kifuniko kinayazuia, na kwa joto hilo mvuke huvunja vifungo vya alumini na oksijeni na kuitoa kwenye kiunzi. Toleo lijalo tandaza unga mwembamba, hewa kavu ipite, joto lipande nyuzi 1 au 2 kwa dakika.

Hii uliyonayo usikimbilie kuiosha kwa asidi. Alumini ya nje ikikaa jirani na protoni inaweza kuongeza kasi ya kuvunja haidrokaboni, na zeolaiti Y inayotumika viwanda vya mafuta hupikwa kwa mvuke makusudi. Ikiziba vijia ndipo inakuwa balaa.

Chembechembe
Asanteni sana. Piridini (kemikali inayojishikiza kwenye asidi) tunayo, na infraredi ya vakyumu ipo. Nianzie wapi?

BintiSilika
Kausha kwa nyuzi 450 chini ya vakyumu, kisha rekodi kabla ya piridini. Tazama mikanda ya 3610 cm⁻¹ (protoni ya daraja kati ya silikoni na alumini), 3745 (silanoli, yaani haidroksili juu ya silikoni) na karibu 3665 (haidroksili za alumini ya nje). Ingiza piridini kwa nyuzi 150, vuta iliyolegea, rekodi tena. Brønsted (asidi inayotoa protoni) ni 1545, Lewis ni 1455. Ile ya 1490 iache, inachanganya zote mbili. Ukigeuza eneo kuwa milimoli, taja kigawo ulichotumia, maana vinatofautiana na wakaguzi watauliza. Halafu linganisha Brønsted na ile 0.78 yako. Zikikaribiana, msimamizi mpe grafu zote mbili.