Nimeuziwa nyumba Mkoani, Pemba, kwa video za WhatsApp, nimefika namkuta mjane yumo eda

Asalaam alaykum. Nina hasira, nisameheni mapema maneno yakitoka vibaya.

Mimi ni mkunga. Mzaliwa wa Unguja, lakini miaka 11 nimefanya kazi Mbeya, na huko nilishazoea baridi na viazi. Mwaka huu nikapata ajira Pemba, hospitali ya Mkoani, nikapewa wiki sita niripoti. Anayeijua kazi ya uzazi ataelewa kwa nini sikutaka kupanga Chake nikawa nakimbizana na gari: mzazi akianza kutoka damu saa nane usiku hangoji gari. Nikataka nyumba ya karibu, ya kwangu. Akiba nilikuwa nayo, pungufu nikakopa kwa kaka zangu.

Namba ya dalali nilipewa na mtu ninayemwamini. Ana maneno huyo! "Ukhti, bati jipya, umeme wa Tukuza upo, karo limechimbwa, ukikaa barazani bahari unaiona." Akanitumia video sita. Nimezitazama hadi nikajua kila ufa wa ukuta. Baraza, ukumbi, jiko, vyumba viwili, uani na mikarafuu mitatu. Chumba cha tatu mlango umefungwa. Nikamuuliza. Akanijibu kwa sauti, ninayo mpaka leo kwenye simu: "Hicho kama hivyo vingine tu, ukhti, ufunguo mwenyewe kaondoka nao, yuko Wete."

Nikamwambia basi nitakuja nione kwanza. Kesho yake akaniambia kuna mtu wa Oman anaitaka, tena taslimu. Huyu mtu wa Oman kila nyumba ya Pemba anaitaka! Nimewauliza wenzangu watatu hapa kazini, wote walishatishwa naye. Bei milioni 38. Nikatuma 30, nane zilizobaki siku ya makabidhiano. Karatasi ya mauziano nikaletewa kwa picha: sahihi ya muuzaji, mashahidi wawili, muhuri wa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, "utafuata".

Nimeshuka bandarini na masanduku manne na godoro. Dalali hapokei simu. Nikaelekezwa nyumba, mlango umerudishwa tu. Nikapiga hodi kwa mazoea, maana hata nyumba yako ukiingia mara ya kwanza unaona haya. Ndani ikaitika sauti ya mwanamke: "Karibu."

Chumba cha tatu. Bi mmoja wa miaka hamsini na kitu, kakaa mkekani na tasbihi yake. Mumewe, mwenye nyumba, amefariki, na yeye yumo eda, ule muda wa mjane kukaa ndani. Miezi minne na siku kumi, na siku niliyofika zilikuwa zimebaki siku 19. Hesabuni wenyewe. Wakati dalali anazungusha simu ukumbini ananisifia dari, huyu mama alikuwa nyuma ya ule mlango anamsikia. Kaniambia mwenyewe: "Mwanangu, nilidhani watu wa umeme."

Aliyeniuzia ni mtoto wa marehemu kwa mke wa kwanza. Warithi ni watano. Huhitaji kuwa sheikh kulijua hili: mjane ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa watoto wapo, kinachobaki mtoto wa kiume anachukua maradufu ya wa kike. Wanaume wawili, wanawake wawili. Igawe nyumba mafungu 48: mjane 6, kila mwanamume 14, kila binti 7. Yule bwana ana 14, kaniuzia 48. Na mirathi yenyewe ilikuwa haijapelekwa popote.

Nikaenda kuuliza kwa watu wa ardhi. Huko ndiko nilikokumbushwa niliyosoma skuli nikayasahau, kwamba ardhi Zanzibar ni mali ya umma, mtu anachomiliki ni haki ya kuitumia, na kuihaulisha, yaani kuihamishia kwa mwingine, kuna bodi yake kwa sheria ya mwaka 1994. Karatasi yangu haijapita mlango hata mmoja. Hapo kosa langu, nipigeni tu.

Halafu mikarafuu. Wiki ya pili natoka zamu asubuhi, nakuta vijana wako juu ya miti wanachuma, pakacha chini. Nikapiga kelele mpaka nikaaibika. Kumbe marehemu aliiweka rehani kwa jirani, miti tu, si ardhi. Kwetu mti una mwenyewe na kiwanja kina mwenyewe, na Mbeya ilishanitoa hayo kichwani. Lakini kwenye video ya nne dalali anasema wazi, "na karafuu zako hizo, ukhti". Zangu!

Ila hao wawili, dalali na muuzaji, nishawaweka kwenye fungu lao. Kinachonikereketa zaidi ni mtaa mzima. Wote walijua. Nashusha masanduku mbele ya nyumba ya eda na nyinyi mnanisaidia kushusha! Godoro langu walilibeba watu wawili mpaka ukumbini, wakaniambia karibu sana. Nilipowauliza baadaye: "Sie tulidhani mshaelewana." Sheha naye akaniuliza mbona sikumpigia kabla ya kutuma pesa. Nimetoka pale nimefura, na njiani nikakiri moyoni kwamba kweli sikumpigia.

Bi akaniambia nilale chumba cha mbele mpaka nijue la kufanya, na ndipo ninapolala. Nikirudi kutoka zamu ya usiku nakuta chai na muhogo umefunikwa kawa. Kuna watu wananishauri, "una karatasi, mtoe". Nimtoe mtu edani? Kwa karatasi hii?

Dalali alipokea simu mara moja tu, wiki iliyopita. "Ukhti, kazi yangu mimi kukutanisha watu." Udalali wake laki tisa aliuchukua siku ile ile nilipotuma pesa, hapo hakukumbuka kuwa anakutanisha tu. Msiniombe jina lake, sitalitaja hapa kabla sijajua hatima ya pesa zangu.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Mtoto wa kiume wa pili yuko Muscat, hajajibu. Mabinti wawili wako Chake, wanasema wakipewa chao wataridhia. Mama yao, huyu bi wa edani, hataki kuuza, na kwa nini atake? Aliyewahi kulifikisha jambo kama hili kwa Kadhi aniambie lilivyokwenda: mauzo yanavunjwa yote nirudishiwe 30 zangu, au nitaambiwa nimenunua yale mafungu 14 na nibaki mshirika wao? Na muuzaji akisema pesa ameshanunulia mashine ya boti, kama ninavyosikia, anadaiwa vipi? Kaka zangu wananipigia kila Ijumaa baada ya sala, wanaanza na salamu ndefu.

Usiku huu nina zamu. Majibu nitayasoma alfajiri.