Tupeane uzoefu: ulipoenda kuona michoro ya kale ya miambani ya Kolo, Kondoa, ulilala wapi?

Mkazi wa Area C: Wakuu, mwezi ujao nampeleka mama na wanangu wawili milima ya Kondoa. Kwa lami ya sasa naweza kwenda na kurudi Dodoma siku moja, ila mama magoti yanamsumbua. Nilale Kondoa mjini, Kolo penyewe au nisogee Babati? Semeni mlikolala, siyo mlikosikia.

Baba Mapacha: Mimi niligeuza siku hiyo hiyo, nikajuta. Tulitoka Dodoma saa kumi na mbili, ila hadi tumalizane na ofisi pale Kolo na kupata wa kutuongoza, jua lilishakuwa kali. Na mapangoni lazima upande. Mmoja wa mapacha alikaa juu ya jiwe akagoma. Ile michoro myekundu ya watu na wanyama niliitazama kama mtu anayekimbizwa. Urithi wa dunia tangu 2006, mimi nimeupa nusu saa!

Dada wa Mpwapwa: Nililala Kondoa mjini. Gesti niliichagua kwa picha za simuni, kitanda kikubwa, mapazia ya maua. Kumbe nyuma ya ukuta kuna baa. Muziki hadi saa nane usiku, na asubuhi bomba linakohoa tu, nikaletewa ndoo. Adhana ya alfajiri sina neno nayo, iliniamsha kwa wakati. Safari ya pili nilifika mapema, nikafungua bomba kwanza, nikauliza jirani ni nani, bei ikafuata. Nililala vizuri kwenye chumba kibaya zaidi kwa sura.

Mrangi Halisi: Karibuni kwetu. Sisi tulipiga hema Kolo, Julai. Baridi ile usiichukulie poa, na chakula beba chako. Lakini saa moja asubuhi tulishaanza kupanda Mungumi, mojawapo ya sehemu zenye michoro, kumetulia, ndege tu. Kwa mama mwenye magoti sishauri hema, kuinuka chini ni kazi.

Baba Mapacha: Babati achana nayo, labda kama unaendelea mlima Hanang. Na huko lala Katesh, mji ulio chini yake, mlima wa mita zaidi ya 3,400 unauanza alfajiri.

Mkazi wa Area C: Nimemsomea mama yote. Kachagua Kondoa mjini, halafu chumba chake kiwe mbali na changu. Baa anaivumilia, kukoroma kwangu hapana.