Tupeane uzoefu: wewe hujuaje kama skuli zimefungwa?

Mkaazi wa Langoni
Hodi humu. Usiku huu gurupu letu la wazazi limeingia picha ya barua ati kesho skuli za sirikali zimefungwa, muhuri upo, sahihi ipo, ila pale kwenye tarehe picha imekatwa. Nusu ya wazazi washashukuru, nusu wauliza ni kweli, na mwalimu wa darasa kimya tangu magharibi. Mimi nna wawili, mmoja asoma hapa hapa kisiwani Amu (Lamu) na mwengine avuka kwa boti kila siku. Imenikumbusha uchaguzi wa 2022, tuliambiwa zitafunguliwa 11 Agosti, ikawa 15, ikawa 18, na kila mara nshapiga pasi yunifomu. Haya niambieni, nyie mwajuaje? Na mara gani ilikuumiza zaidi?

Bi wa Mkomani
Nimeweka kiti hapa nasoma.

Bin Siyu
Angalia jeti, pale boti zinapofunga. Saa kumi na mbili na nusu ukiona hakuna mwana hata mmoja na begi mgongoni, rudi kalale.

Dada wa Barani
Sisi Malindi hatuna jeti ya kuangalia bwana. Mimi namtazama mama wa mahamri nje ya geti, yule ana ndugu yake jikoni mle skulini, akiambiwa hakuna watoto hakandi unga. Saa kumi na moja alfajiri nasikia karai lake, najua kuko sawa. Hajakosea hata mara moja miaka mitatu.

Baba Gongoni
Fungua redio tu.

Dada wa Barani
Redio yasema Kenya nzima. Kuhusu skuli ya mtaani kwangu haisemi.

Mama Kizingitini
Jamani niacheni na mimi niseme, maana ile ya 2024 haijanitoka moyoni. Mwanangu alikuwa fom tuu, bweni, skuli iko Malindi. Kufungua ilikuwa Jumatatu tarehe 29 Aprili, na mvua za wiki zile mwazijua. Mtu wa kisiwani hangoji pakuche, tukatoka saa tisa usiku kwa sababu nahodha afuata maji ya Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kupitia boti, yakishatoka pale hupiti. Sanduku la bati nimelifunga kamba, jina lake nimeandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, godoro nimelivisha nailoni na nailoni ina tundu, wimbi likaingia pale pale kwenye tundu. Simu nimezima kuhifadhi chaji. Tangazo la kusogeza ufunguzi wiki moja mbele lilitoka usiku ule ule, sisi tuko majini.

Mokowe, huko bara, tukakimbilia basi. Kondakta hakusema kitu, dereva hakusema kitu, na ndani wamo wanafunzi wengine watatu na masanduku yao, sasa nani atamshuku mwenzake? Vizuizi vyote vya njiani tukashushwa, vitambulisho vikatazamwa, mabegi yakafunguliwa, hata mmoja hakuuliza mama wampeleka wapi mtoto. Tukafika Malindi alasiri, tuktuk mpaka getini. Geti lina mnyororo. Askari akatoka na kikombe cha chai mkononi, akamtazama mwanangu, akatazama godoro ladondoka maji, akasema, "Mama, kwani hukuskia?"

Hapo nililia. Mwanangu akawa anifuta machozi na mkono wa shati jipya la skuli, na mimi mkobani nna shilingi mia tatu na hamsini, karo nshailipa benki Ijumaa. Na njia ya Lamu mwaijua, usiku hatungethubutu kuipita. Yule askari Mungu amjaze kheri alimpigia mkewe, tukalala kwao Maweni, watu hatujapata kuwaona. Godoro likaanikwa ukutani. Asubuhi kakangu akatuma nauli kwa M-Pesa tukarudi. Kisha Ijumaa tarehe 3 Mei ikaahirishwa tena mpaka tutakapoambiwa, na kimbunga Hidaya juu yake wavuvi wakakatazwa kutoka, na mume wangu mvuvi. Zilipokuja kufunguliwa 13 Mei ile nauli ya pili nilikopa.

Mara ya pili sikunyanyua mguu mpaka nimempigia yule askari mwenyewe akanambia, "Nimefungua geti mama, watoto waingia."

Bi wa Mkomani
Ya Rabbi. Pole sana.

Nahodha wa Kipungani
Nakumbuka. Mokowe wiki ile masanduku yalikuwa yenda na kurudi.

Kijana wa Ngala
Pole mama, lakini pale Mokowe netiweki ipo, ungewasha simu ukaangalia

Mama Kizingitini
Kuangalia nini mwanangu? Mtu husaka habari akishuku. Mimi nilikuwa na barua ya skuli mkononi yasema 29.

Bi wa Mkomani
Kijana wa Ngala wewe una mtoto wa bweni? Huna. Muombe radhi mwenzio.

Kijana wa Ngala
Sikukusudia ubaya. Nisamehe mama.

Baba Gongoni
Tatizo ni walimu. Wao wajua mapema wanyamaza.

Mwalimu wa Bara
Hapana, hilo silikubali. Mimi nafundisha sekondari huku Lamu, kwetu ni bara, na tangazo kama la 2024 nililipata kwa fowadi kama nyinyi. Nilikuwa nishapanda basi. Hedi naye angoja simu kutoka ofisi ya elimu, na wakati angoja wazazi wote wampigia yeye. Ile hapokei simu si dharau, hana la kukwambia.

Baba Gongoni
Na mgomo wenu walimu je? Agosti 2024 mlisema skuli hazifunguliwi na wanangu walisoma Jumatatu ile ile ya tarehe 26.

Mwalimu wa Bara
Wako darasa gani?

Baba Gongoni
Gredi ya nne na ya pili.

Mwalimu wa Bara
Basi. KNUT, chama cha walimu wa msingi, walisitisha mgomo Jumapili, wa msingi wakafungua. KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, waliendelea kama wiki moja hivi. Aliyesema zimefunguliwa ni kweli na aliyesema hazijafunguliwa ni kweli. Kwa hiyo ukiuliza uliza darasa, usiulize "skuli".

Dada wa Barani
Hii ni kweli kabisa. Wangu wawili waingia geti moja, mdogo alisoma, mkubwa wa gredi ya saba, hiyo yahesabiwa sekondari, akarudi saa nne ati hakuna mwalimu aliyeingia darasani.

Baba Gongoni
Mngesema hivyo mapema tusingegombana.

Bin Siyu
Na Idd mmeisahau. Gazeti la sirikali lasema siku hii, mwezi waandama siku nyengine, mtaa huu wala pilau mtaa ule bado wamefunga. Mwaka mmoja nlimpeleka wangu na yunifomu, njiani twakutana na wenzake wana kanzu mpya. Alinitazama, sisahau.

Ustadh wa Mtaani
Chuo cha Kurani hakina barua wala gazeti. Skuli ikifungwa mleteni chuoni.

Mtu wa Basuba
Sisi kwetu hatukuletewa barua. 2014 usalama uliharibika, walimu wakaondoka, skuli zikafungwa na zikakaa hivyo miaka. Mdogo wangu alikuwa ajua kusoma jina lake, zilipokuja kufunguliwa ana ndevu.

Nahodha wa Kipungani
Dah.

Bi wa Mkomani
Mungu awafungulie. Kweli sisi twalia kwa siku moja.

Dada wa Barani
Mkaazi, ile barua yako itazame vizuri, huenda ni ya zamani. Kila mvua ikinyesha kuna mtu huitoa barua ya mwaka mwengine akaitupa gurupuni. Tarehe imekatwa kwa nini?

Baba Gongoni
Mie naona asimpeleke. Kukosa siku moja si kitu.

Mwalimu wa Bara
Ni kitu. Kesho wengine wana mtihani wa kati ya muhula.

Bi wa Mkomani
Mama Kizingitini, na lile godoro?

Mama Kizingitini
Analo mpaka leo, yuko fom foo sasa. Lina doa la chumvi upande wa miguuni. Nimemwambia nimnunulie jengine amekataa.

Mkaazi wa Langoni
Wenyewe, mwalimu amejibu sasa hivi, saa tano na nusu usiku. Barua si ya mwaka huu. Skuli ipo kesho, madarasa yote. Naenda kutoa yunifomu kambani, bado ni mbichi. Nahodha, na huu upepo wa kusi, boti yatoka?

Nahodha wa Kipungani
Alfajiri ntatazama bahari kwanza. Ikiwa kama jioni hii sitoki na wana. Nipigie saa kumi na moja na nusu, usinitumie meseji, piga.